Yanafanana Sura, Hayafanani Maana: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii zinahusu maneno ya Kiingereza yanayopishana kwa herufi moja au mbili. Tumetanguliza zile ambazo kosa lake linagusa mfuko, kazi au afya. Za darasani zitafuata.

Kwenye taarifa ya mkopo wangu wa sacco kuna safu iliyoandikwa "principal". Mimi najua "principal" ni mkuu wa chuo. Binti yangu wa kidato cha tatu anasema ni kanuni. Nani yuko sahihi?
*Mwanachama wa sacco, Morogoro*

Wewe uko karibu zaidi. "Principal" ni mkuu wa chuo, na pia ni fedha yenyewe uliyokopa kabla riba haijaongezwa. Wazo ni lilelile: kitu kilicho kikuu. Kanuni anayoisema binti ni "principle", lenye "-le" mwishoni. Hilo ni nomino basi, halikai mbele ya nomino nyingine kuisifu, lakini "principal" hukaa: "the principal reason" ni sababu kuu.

Sasa tuje kwenye karatasi yako. Tuseme umekopa shilingi 2,400,000 kwa miezi 24, riba ni asilimia 1 kwa mwezi, na inahesabiwa kwenye deni lililobaki. Kila mwezi safu ya "principal" itasoma 100,000. Safu ya "interest" itaanza na 24,000 mwezi wa kwanza, 23,000 wa pili, 22,000 wa tatu, ikishuka hivyo hadi 1,000. Riba yote ikijumlishwa ni 300,000. Kama badala yake kila mwezi inasoma 24,000 bila kushuka, riba yako inahesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo na jumla yake ni 576,000. Hilo ni swali la kumuuliza karani, wala usilionee haya.

Jambo la pili: ukipata fedha ya ziada na kutaka kupunguza deni, andika kwamba inakwenda kwenye "principal". Ukisema tu kwamba unalipa zaidi, inaweza kuandikwa kama rejesho la mwezi ujao lililotangulia, na hesabu ya riba isibadilike hata senti.

Mkataba wangu wa miaka miwili unaisha mwezi ujao na tulikubaliana nibaki. Meneja amenitumia ujumbe: "Please come to the office to resign." Mwenzangu anasema nimeachishwa.
*Msomaji, Muscat*

Kama ulivyoandikwa, ujumbe unakuita ukajiuzulu. Lakini huenda meneja, ambaye Kiingereza kinaweza kuwa lugha yake ya tatu kama ilivyo kwako, alikusudia "re-sign", yaani kusaini upya. Tofauti kwenye maandishi ni kistari kile kidogo. Kwa sauti ni rahisi zaidi: kujiuzulu hutamkwa "rizain", kusaini upya ni "rii-sain", kila sehemu ikisikika peke yake na "s" ikibaki "s".

Kabla ya kwenda, jibu kwa maandishi: "Do you mean renew my contract?" Ukifika, soma karatasi kabla ya kushika kalamu. Barua ya kujiuzulu huwa na "resignation", "last working day" na "notice period". Mkataba mpya huwa na "renewal" au "extension", pamoja na tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Ukiona maneno ya kundi la kwanza, usisaini siku hiyo. Omba nakala ukasomewe na mtu unayemwamini. Ukishasaini barua ya kujiuzulu, karatasi inasema wewe ndiye uliyeamua kuondoka, na hilo linaweza kugusa malipo ya mwisho wa kazi na hata tiketi ya kurudi nyumbani, kutegemea mkataba wako.

Wewe unapoandika, achana na "re-sign" kabisa. Tumia "renew" kwa mkataba na "sign again" kwa karatasi. Kistari hicho hicho hutenganisha "recover", kupona au kurejesha kilichopotea, na "re-cover", kuvalisha kochi kitambaa kipya.

Gazetini kuna tangazo la mnada: dalali anauza nyumba "under instructions of the mortgagee". Kama "employer" ni mwajiri na "employee" ni mwajiriwa, basi "mortgagee" ni mkopaji. Mkopaji anaamuruje nyumba yake mwenyewe iuzwe?
*Msomaji, Dodoma*

Kanuni yako ni nzuri, tuitumie hiyohiyo. Mwenye "-er" au "-or" hutenda, mwenye "-ee" hutendewa au hupewa. "Lessor" ni mpangishaji, "lessee" ni mpangaji. "Payee" kwenye hundi ni anayelipwa.

Kosa liko kwenye kudhani kwamba "mortgage" ni mkopo. Hata Waingereza hulitumia neno hilo hivyo mitaani, lakini kisheria "mortgage" si fedha. Ni rehani, haki juu ya mali. Sasa jiulize nani anatoa rehani na nani anapewa. Fedha hutoka benki kwenda kwa mkopaji. Rehani hutoka kwa mkopaji kwenda benki. Kwa hiyo mwenye nyumba ndiye "mortgagor", na benki ndiyo "mortgagee". Tangazo linasema benki imeamuru.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inatumia maneno hayo. Wasomaji wa Kenya watakutana na "chargor" na "chargee", kwa sababu Sheria yao ya Ardhi ya 2012 inaiita rehani hiyo "charge". Mpangilio haubadiliki: chargee ni mkopeshaji. Na ukiombwa kumsimamia ndugu kwenye mkopo, neno litakaloandikwa juu ya jina lako ni "guarantor". "Guarantee" ni dhamana yenyewe, si mtu.

Kuna machache yanayoiponyoka kanuni: "attendee" ni aliyehudhuria, "escapee" ni aliyetoroka. Lakini "referee" limo ndani, ingawa wengi hawalioni: ni mtu anayepelekewa jambo, awe mwamuzi uwanjani au yule unayemwandika kwenye wasifu wako ili mwajiri amuulize habari zako.

Mama ana kisukari. Cheti cha kutoka hospitali kimeandikwa neno linaloanza na "hyp-" kisha "-glycaemia", katikati hatusomi vizuri. Kaka anasema sukari imezidi, mimi nasema imepungua.
*Msomaji, Tanga*

Msikisie. Pigeni simu wodini au nendeni mkaulize leo, kwa maana maneno hayo mawili ni kinyume kabisa. "Hypo-" ni chini, "hyper-" ni juu. "Hypoglycaemia" ni sukari kushuka, "hyperglycaemia" ni sukari kupanda. "Hypotension" ni shinikizo la damu la chini, "hypertension" ni lile la juu, ambalo mitaani tunaliita presha tu. Bahati nzuri, "hypo" hutamkwa kama Kiswahili chetu "haipo". Sukari haipo, yaani imepungua. Hilo halisahauliki.

Kipimo ndicho kinachosema kweli kuliko mwandiko. Sukari ikiwa chini ya 3.9 kwenye mashine inayosoma mmol/L, au chini ya 70 kwenye inayosoma mg/dL, imeshuka. Angalieni mashine yenu inatumia kipi, maana 5.5 kwenye mmol/L ni kama 99 kwenye mg/dL. Ukizidisha ya kwanza kwa 18 unapata ya pili.

Ikiwa imeshuka na mama ana fahamu na anameza vizuri, apewe gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya juisi ya matunda au soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subirini dakika 15, mpimeni tena, na kama bado iko chini rudieni. Ikipanda, ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu, msimtie chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Kosa baya kuliko yote ni kumwongezea insulini mtu ambaye sukari yake imeshuka, na kosa hilo linaweza kuanzia kwenye herufi "o" iliyosomwa kama "er".

Kwenye dawa zake angalieni pia "every day" na "every other day". La pili ni siku moja anakunywa, inayofuata anaruka. "On alternate days" ni hivyohivyo.

Kopo la gundi ninalolitumia limeandikwa "highly inflammable". "Visible" ni kinachoonekana, "invisible" kisichoonekana. Basi gundi hii haishiki moto, au vipi?
*Fundi viatu, Mombasa*

Inashika moto, tena upesi. Kama iko karibu na jiko la mkaa, iondoe kabla hujamaliza kusoma.

"In-" ya Kiingereza ni mbili. Moja hukanusha, kama kwenye "invisible". Nyingine ina maana ya ndani au huzidisha nguvu, na ndiyo iliyo kwenye "inflammable", neno lililotoka kwenye kitenzi cha Kilatini "inflammare", kuwasha moto. Kwa hiyo "flammable" na "inflammable" ni kitu kimoja. Kisichowaka ni "non-flammable". Watu wa usalama wa moto huko Uingereza na Marekani walilisukuma "flammable" kwenye vibandiko kwa sababu ya hofu hiyohiyo yako, lakini makopo yenye neno la zamani yapo bado. Tazama mchoro: mwali wa moto ndani ya pembe nne zilizosimama kwa ncha.

Kinachowaka kwanza ni mvuke, si gundi yenyewe. Mvuke wa gundi za viatu ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na unaweza kufika jikoni wakati kopo liko mbali. Funga kifuniko kila unapopaka, fanya kazi mlango ukiwa wazi, na sigara isiwepo.

Neno jingine la ukoo huo ni "invaluable". Halina maana ya kisicho na thamani. Ni chenye thamani isiyopimika. Kisicho na thamani ni "worthless".

Nimesoma kwa Kifaransa na sasa naandika ripoti za Kiingereza kwa wafadhili. Maneno mengi ni yaleyale, lakini ripoti zinarudi na maswali. Yapi ni ya kuogopa?
*Mfanyakazi wa shirika, Bukavu*

Unayaona yanafanana kwa sababu kweli ni ndugu. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana huko kwa karne kadhaa, na maneno kwa maelfu yakahamia. Kisha kila upande ukaenda na yake. "Journey" ya Kiingereza ilitokana na "journée", siku. Ilikuwa safari ya siku moja, leo ni safari yoyote.

Kwa ripoti, hatari ya kwanza ni "demander". Kifaransa ni kuomba, Kiingereza "demand" ni kudai kwa nguvu. "We demand additional funds" inasomeka kama tishio. Andika "we request". Ya pili ni "éventuellement", ambayo ni huenda, ikiwezekana. "Eventually" ya Kiingereza ni hatimaye. Ukiandika "we will eventually dig a second well", mfadhili anaandika kwenye daftari lake kwamba kisima cha pili kimeahidiwa. "Actuellement" ni sasa hivi, lakini "actually" ni kwa hakika. Kwa sasa hivi tumia "currently".

"Assister à une réunion" ni kuhudhuria mkutano. Kiingereza "assist" ni kusaidia, na kuhudhuria ni "attend", ambalo nalo linafanana na "attendre", kusubiri. Maneno manne, mitego miwili.

Kwenye bajeti, "location" ya gari kwa Kifaransa ni kukodi; kwa Kiingereza ni mahali. Andika "vehicle hire". "Formation" iandike "training". "Stage" kwa Kiingereza ni hatua au jukwaa. Unachotaka ni "internship". Na "ancien ministre" ni aliyekuwa waziri, "former minister". "Ancient minister" ni waziri wa enzi za mafarao.

Kwenye ripoti za afya, "préservatif" ni kondomu, lakini "preservative" ni dawa ya kuhifadhi chakula kisioze. Kwenye ramani za wakimbizi kuna kubwa zaidi: "inhabité" ni kijiji kisicho na watu, "inhabited" ni kijiji chenye watu. Kwa mahali palipohamwa andika "uninhabited" au "no residents", na uongeze tarehe.

Mwisho ni namba. "Milliard" yenu ni 1,000,000,000, na Kiingereza cha leo huiita "billion". Bilioni ya Tanzania na Kenya inafuata hiyo. "Billion" ya Kifaransa ni milioni mara milioni, yaani inazidi mara elfu. Uingereza nayo ilikuwa na hesabu hiyo kubwa, serikali yake ikaiacha mwaka 1974. Kwenye jedwali weka sufuri zote.

Nimeandika kwenye wasifu wangu: "I work hardly. In my last post I overlooked five staff." Rafiki amecheka lakini hakunieleza.
*Mhitimu, Kisumu*

Umeandika kwamba karibu hufanyi kazi kabisa, na kwamba kulikuwa na wafanyakazi watano ambao hukuwaona. "Hard" inabaki "hard" hata inapoeleza kitenzi: "I work hard." "Hardly" ni karibu na si kabisa: "I hardly slept", sikulala ila kidogo mno. Vivyo hivyo "late" ni kuchelewa, "lately" ni siku hizi za karibuni.

"Overlook" ni kupitiwa na jambo, au kulifumbia macho. Kusimamia ni "oversee", ambalo wakati uliopita ni "oversaw". Kama linakutatiza, andika "supervised". Ogopa pia "in the charge of": "I was in charge of the store" ni mimi niliyesimamia stoo, lakini "I was in the charge of the storekeeper" ni mimi niliyesimamiwa. Na idara ya wafanyakazi ni "personnel", mkazo ukiwa mwishoni. "Personal" ni cha mtu binafsi. Programu ya kompyuta ya kukagua tahajia haitakusaidia hapa, kwa sababu yote ni maneno halali na hayapigiwi mstari mwekundu.

Wanafunzi wangu wamekariri orodha: affect na effect, accept na except, adapt na adopt. Kwenye insha bado wanayachanganya.
*Mwalimu, Kigoma*

Kwa maoni yetu orodha ndiyo inayowaponza. Maneno mawili yakifundishwa siku moja, bega kwa bega, akili huyafunga pamoja. Mwanafunzi anakumbuka jozi lakini hakumbuki lipi ni lipi. Yatenganishe. Fundisha "affect" peke yake kwa wiki mbili, kama kitenzi, ndani ya sentensi: "The drought affected the harvest." Likishakaa ndipo ulete "effect", nalo lije na jamaa zake: "have an effect on", "side effects", "take effect". Mwanafunzi akiona "an" au "the" mbele yake, karibu kila mara ni "effect". "To effect change", kuleta mabadiliko, lisubiri kidato cha tano.

"Adopt" lije na "a child" na "a policy", "adapt" lije na "to". Daftari liwe na neno moja kwa ukurasa, vifungu vitatu na sentensi moja ya mwanafunzi mwenyewe, na ukurasa urudiwe kesho yake, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Mtihani wa kujaza pengo kwa kuchagua kati ya mawili uache. Unawarudisha kwenye jozi. Wape sentensi ya Kiswahili waiseme kwa Kiingereza.

Sababu nyingine iko sikioni. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa shuleni huhesabiwa irabu 12 hivi bila zile za kuunganika, na zote hizo sisi tunazigawa kwenye zetu tano. Ndiyo maana "live" na "leave" huwa moja, "cat" na "cut" huwa moja, na "accept" huandikwa "except". Wasomee imla ya vifungu vizima, "accept the offer", "everyone except Juma", si neno mojamoja.

Kwa ufupi

*"Stationary" na "stationery"?* La kwanza ni kisichotembea, kama gari lililosimama. La pili ni karatasi, kalamu na bahasha, na lina "-ery" kama "bakery" na "grocery", mambo ya dukani.

*Gari lisilobugia mafuta ni "economic"?* Hapana, ni "economical". "Economic" ni la kiuchumi.

*Hakimu "disinterested" ni hakimu aliyechoka kusikiliza?* Huyo ni "uninterested". "Disinterested" hana maslahi kwenye kesi, na ndiye unayemtaka.

*Riba inayolipwa "biannual" ni kila baada ya miaka miwili?* Ni mara mbili kwa mwaka. Kila baada ya miaka miwili ni "biennial". Kwa kuwa hata wenye lugha huyachanganya, kwenye mkataba andika "twice a year" au "every two years", na utaje miezi.